Karani wa Zizini

Jumatatu, 15 Machi 1976

Kondoo wa tatu kapotea. Leo kijiji kizima kikaoni, jua la saa nane, mimi nyuma kabisa na khanga kichwani. Mwenyekiti akauliza nani ameona kitu. Damu? Manyoya? Alama ya mguu? Hakuna aliyeona. Ndipo akasimama ndugu Pasikali, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye hajawahi kumaliza kikao bila kusimama. Akasema yeye hamshutumu mtu. Anauliza tu. Katika kijiji hiki, ni nani anayekula nyama ya kondoo?

Ah, shingo zilivyogeuka! Zote kwetu. Baba akakohoa. Alikohoa kwa sababu ya vumbi, lakini nani atamwamini sasa.

Ni kweli Waha wa hapa kondoo hawamgusi. Immakulata, rafiki yangu, ambaye wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, naye kwao ni hivyo hivyo. Aliwahi kuniambia kondoo, intama kwa lugha yao, ni mnyama wa amani, unamweka na ng'ombe ili zizi litulie, basi. Hawa wa kijiji ni wa mradi, wanakuzwa wauzwe mjini. Kwa hiyo kijiji kizima kinafuga wanyama ambao hakiwali, na nyumba moja tu ndiyo inayowala. Yetu. Waislamu peke yetu kuanzia hapa mpaka barabara ya Kitahana.

Na zizi lenyewe liko wapi? Nyuma ya jiko letu! Kamati ililiweka hapo mwaka juzi, tulipohamia kijijini kutoka Kibondo mjini, kwa sababu ua wetu wa minyaa ndio ulioshikana vizuri. Mama alikataa wakati ule, kwa ajili ya harufu. Kumbe harufu ilikuwa jambo dogo.


Jumanne, 16 Machi

Baba hakulala. Asubuhi akaenda kwa Mwenyekiti kabla ya chai. Akarudi anatabasamu. Nikajua kuna mtu ameuzwa.

Aliyeuzwa ni mimi. Kuanzia kesho nachunga kondoo wa kijiji, mimi na Immakulata. Baba amesema mbele ya kamati kwamba wakimshuku, basi kondoo wawe mikononi mwa binti yake, na akipotea mwingine aulizwe yeye mwenyewe, Baba. Mwenyekiti kakubali. Lakini akaongeza lake: akipotea mwingine, Baba anaacha kuuza duka la kijiji, na sisi tunatafuta kijiji kingine cha kutupokea.

Mama akasema binti amemaliza darasa la saba, anajua mito yote ya Afrika, leo akachunge. Baba akasema huko malishoni kuna kijito, ataendelea kusoma.

Nilimnunia mpaka jioni. Halafu nikamwona amekaa peke yake mlangoni, kofia mkononi, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kupunja mtu hata kibaba cha chumvi. Nikaenda kutafuta fimbo.


Jumamosi, 20 Machi

Tuna mbwa. Hatuna mbwa. Ngoja nieleze.

Mzee Bazilio ni jirani yetu, mwindaji wa nguruwe pori. Mbwa wake hawabweki, ndiyo mbegu ya huku, kwa hiyo huwafunga njuga shingoni ajue wako wapi kichakani. Jike lake bora limepasuliwa na nguruwe likafa, likaacha mtoto mmoja. Leo kaja naye ndani ya kofia. Akasema: "Mwana wanje, chukua hii imbwa. Chui akija, angalau mmoja wenu atakuwa macho."

Nilikuwa sijajibu. Sauti ya Mama ikatoka jikoni: "Mbwa haingii uwanja wangu."

Mama ni mtu wa Ujiji, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwake mbwa akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na kisima chetu kiko bondeni kule. Mzee Bazilio akasema ego, ego, nimesikia, akaweka kofia chini, akamwacha mtoto wa mbwa katikati ya njia, akaondoka zake. Mzee mjanja.

Basi nikafanya hivi. Nilimzoa kwa ungo uliotoboka, mikono nimeinyoosha mbele, nikazunguka nje ya ua, nikammimina zizini kati ya kondoo. Hayumo uwanjani mwa Mama. Hayumo porini. Mama akachungulia, akatafuta kosa, hakuliona.


Jumapili, 28 Machi

Wiki nzima alilia kutwa. Leo kimya. Nikaenda mbio nikijua amekufa. Wapi! Amejikunja tumboni kwa yule jike mwenye sikio jeusi, ambaye mtoto wake ndiye aliyepotea mara ya kwanza. Na ananyonya. Jike anatafuna tu, anatazama mbali, kama mtu aliyeamua kwamba mambo ya dunia hayamhusu.

Nimempa jina. Jioni kondoo wakiingia, anakaa langoni na kumtazama kila mmoja usoni, mmoja mmoja, kwa uzito kabisa. Akipita wa mwisho ndipo anaingia. Karani. Immakulata akacheka mpaka akakaa chini.


Jumatano, 12 Mei

Karani anadhani yeye ni kondoo.

Sisemi kwa utani. Leo kala majani. Akatapika. Akala tena. Kondoo wakikimbia mvua, naye anakimbia. Wakisimama wakishangaa kitu kisichokuwepo, naye anashangaa. Watoto wakimwita hageuki. Mbwa wa Mzee Bazilio walipita njiani, njuga zikilia, na mlinzi wetu akajificha chini ya jike la sikio jeusi, mkia tu ukabaki nje.

Mimi sijamgusa hata siku moja. Chakula namsukumia kwa fimbo ndefu, kwenye kipande cha kibuyu, halafu narudi nyuma. Immakulata yeye anamshika bila wasiwasi, ila mchana tu, jioni anarudi kwao. Kwa hiyo Karani hajui watu vizuri. Anajua kondoo.

Mlinzi gani huyu. Lakini tangu nianze kuchunga hajapotea kondoo hata mmoja. Nasema polepole.


Jumapili, 18 Julai

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma.

Baada ya misa Mzee Bazilio alikuja kumwazima Karani. Alisema damu ya mama yake imo, akiliona pori itaamka. Akamfunga njuga. Wakaenda, wanaume na mikuki na mbwa wengine, na Karani akivutwa kwa kamba, makalio chini, mpaka mpindo wa njia.

Ugali haujaiva, nasikia njuga. Moja tu. Inakuja mbio. Karani karuka ua, puu, katikati ya kondoo, amefurahi hajiwezi. Kondoo waliposikia njuga wakatawanyika! Hawakumjua. Wakazunguka zizi, yeye nyuma yao, njuga ikizidi kulia, wao wakizidi kukimbia, yeye anazidi kuwabembeleza. Watu wakatoka majumbani. Mwenyekiti mwenyewe alishika mti.

Immakulata ndiye aliyeingia akamfungua. Mzee Bazilio akafika anahema. Akamtazama. Akasema: "Hii si imbwa. Ni intama yenye meno." Akachukua njuga yake akaenda.

Ndugu Pasikali naye alicheka. Halafu akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama mbwa wa namna hiyo anaweza kumzuia mwizi. Anauliza tu.


Ijumaa, 3 Septemba

Ramadhani. Njaa na kondoo haviendi pamoja, unaanza kuwatazama vibaya.

Ukoko wa wali unapotea. Jana usiku niliuacha kwenye sufuria, nikijua daku ni wangu. Hakuna. Na juzi vile vile. Mama kasema panya. Panya gani anayekula halafu anarudisha kifuniko? Nimemshuku Baba. Baba kanishuku mimi. Tumekula daku tunatazamana.


Jumamosi, 9 Oktoba

Mvua. Karani amekuwa mkubwa, shingo nene, rangi ya udongo. Kile kicheko cha Julai kimekwisha. Sasa zizi ni lake. Bwana mifugo alikuja kuchanja, akaingia bila kuita, akatoka bila mguu mmoja wa suruali. Anayeruhusiwa ni mimi na Immakulata peke yetu. Mwingine yeyote akishika lango, anasimama mbele yake, hakuna kelele, midomo inapanda juu taratibu na meno yanaanza kuonekana.

Bwana mifugo amesema huyu mbwa ni hatari kwa maendeleo. Kondoo wote wamepona, hata hivyo.


Alhamisi, 11 Novemba

Nitaandika yote.

Tulikuwa juu mlimani, alasiri, mvua imekatika ila ukungu umebaki. Unaona kondoo, huoni mti. Immakulata alikuwa ananiambia habari ya kijana mmoja wa Kakonko. Mara kondoo wakaacha kula. Wote, wakati mmoja. Karani alikuwa amelala, akasimama. Manyoya ya mgongoni yakasimama naye.

Akaenda mbele. Polepole, miguu imekakamaa. Nikatazama anakotazama. Nyasi. Nyasi tu. Halafu nyasi zikawa na macho.

Chui. Alikuwa amelala chini kabisa, karibu kuliko mlango na kitanda changu. Ndipo Karani akatoa sauti. Tangu aache kulia utotoni hajawahi kutoa sauti! Si kubweka. Ni kitu kirefu, kinapanda na kushuka, kama mtu anayeimba huku ameumia. Mimi niko juu ya kichuguu, sikumbuki kupanda. Immakulata anapiga kelele kwa Kirundi na kurusha mawe yanayoangukia kwenye kondoo wetu wenyewe.

Kondoo siku zote wakiogopa hutawanyika. Leo walikusanyika nyuma yake. Wamebanana, vichwa vimetazama kwake.

Chui alikuja mara moja. Sikuona vizuri, ilikuwa vumbi la majani na ile sauti. Nikafunga macho, naandika ukweli. Nilipofumbua, chui anaondoka. Hakimbii, anaondoka tu kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Na Karani hakumfukuza. Mbwa mwingine angefukuza. Yeye aligeuka, akawazunguka kondoo mara moja, akamnusa kila mmoja usoni, ndipo akakaa. Sikio la kushoto limechanika mpaka chini, damu inamtiririka shingoni.

Nililia sana. Immakulata akamfuta kwa majani na khanga yake. Mimi nilisimama pembeni, mikono nyuma. Nilitaka kumshika kuliko kitu chochote duniani. Sikumshika, nikifikiria Mama. Lakini nampenda huyu mbwa. Nimeshaandika, haifutiki.


Ijumaa, 12 Novemba

Hakuna aliyetuamini.

Kamati ilipanda mlimani. Mvua ya usiku imeosha kila kitu. Ndugu Pasikali akaeleza: shahidi wa kwanza ni wa nyumba inayokula kondoo, shahidi wa pili ni rafiki yake. Sikio? Mbwa hupigana. Immakulata akamwambia basi akalale huko mlimani wiki moja atuletee habari. Mama yake akamkanyaga mguu.

Nyumbani Mama aliuliza sikio lilivyo. Nikamwambia limechanika. Akauliza, mpaka wapi? Nikamwonyesha. Akaendelea kuchambua maharage, anatupa mazuri anabakiza mabovu.


Jumapili, 21 Novemba

Sasa sikiliza akili ya balozi wetu. Kikaoni leo kasema hivi: tangu binti wa Abdalah apewe fimbo, kondoo hawapotei. Wote tukatikisa kichwa, naam. Akaendelea: sasa chui angejuaje kwamba mchungaji amebadilika? Chui hajui majina ya watu. Mwizi ndiye anayejua. Mwizi hamwibii binti yake.

Yaani tukipoteza kondoo ni wezi. Tusipopoteza, ndiyo ushahidi kabisa! Na watu wakaguna, baadhi yao walewale wanaochukua chumvi kwa Baba wakiahidi Jumatatu.

Baba akasimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona mdomo unamcheza. Akauliza kijiji kinataka afanye nini. Mzee Bazilio akajibu kabla ya Pasikali. Alisema mbwa hana upande. Anayeingia kwake kila mara, anamjua. Asiyeingia, hamjui. Na Abdalah ana beno lake mle, kondoo dume alilolinunua kijijini mwezi wa nane, la Idi ya kuchinja. Siku ya Idi aende alitoe mwenyewe, mchana, watu wote wakitazama, Kudra na Immakulata wawe mbali. Mbwa akimpisha, tutajua. Akimzuia, tutajua.

Mwenyekiti akapiga meza. Akasema iwe hivyo, na yale ya mwezi wa tatu yako palepale: Baba akipishwa, duka anakabidhi na sisi tunafungasha.

Nilitoka nikirukaruka. Baba hajawahi kufika hata karibu na lile lango! Atamla! Sijawahi kuomba baba yangu aumwe na mbwa, lakini nimeomba leo, na kwa udhu.


Jumatano, 1 Desemba

Redio imesema Idi ni kesho. Mjomba Khatibu, kaka yake Mama, amefika jana kutoka Kasulu, na kilemba na mkeka wake mwenyewe. Ni mwalimu wa chuo kama alivyokuwa babu. Tunamwogopa kidogo, Mama zaidi yetu. Alipoambiwa kuna mbwa nyuma ya jiko, akahamisha mkeka chumba cha mbele, kisha akauhamisha tena karibu na dirisha. Akamwuliza Mama: "Dada, unapikaje hapo?" Mama akasema anapika tu.

Baba ana furaha kama yeye ndiye anayeolewa. Anajaribu kanzu, anauliza ipi ikichanwa haitamuuma roho.

Mama ndiye simwelewi. Chai ya asubuhi katia chumvi. Kikombe cha maua, kile cha Ujiji, kimemponyoka. Usiku huu tunachoma vitumbua akaniuliza, hanitazami: "Huyo mbwa, kwani huwa anakumbuka watu?"

Nikamwambia anakumbuka kila kitu. Hata bwana mifugo akipita barabarani anasimama. Akasema aha. Akanawa mikono akaenda kuswali, na isha alikuwa ameshaiswali.

Ni wasiwasi wa kesho. Nimemwambia asiogope, Karani hatatuangusha.


Alhamisi, 2 Desemba. Idi

Naandika nimesimama, daftari juu ya pipa la maji ya mvua, ng'ambo ya minyaa. Bomba lake linatoa kidogo kidogo na ndoo ni mbili.

Baada ya swala watu walikuwa wamekwishajaa. Hata wale wa ng'ambo ya kijito. Watoto juu ya miti. Mimi na Immakulata tukawekwa kwenye mgomba ule wa mbali, Mwenyekiti mwenyewe katikati tusipige hata mluzi. Mjomba Khatibu akasimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, leso puani.

Baba akaenda. Kanzu kuukuu, kichwa juu. Akashika lango. Karani akainuka, akaja, akasimama mbele yake, sikio moja zima na moja vipande, midomo ikaanza kupanda. Baba akasema bismillahi akaingiza mguu. Kraa! Nusu ya kanzu ikabaki zizini. Baba akaruka nyuma na miguu yake myembamba yote nje, akageukia watu akapiga kelele: "Mmeona? Mmeona lakini?" Sijawahi kuona mtu amechanwa nguo akafurahi vile. Akajaribu tena, nadhani kwa raha tu, akafukuzwa tena. Watu wakalipuka. Mzee Bazilio alicheka machozi. Kuna mama akasema kwa sauti, jamani, tumemwonea mtu huyu. Nilisikia moyo umeshuka mahali pake, tangu Machi haukuwapo hapo.

Pasikali akasubiri kicheko kipungue. Akasema hamshutumu mtu. Lakini nyumba si mwanamume peke yake. Na mama mwenye nyumba je?

Baba, nguo imekwisha, hana wasiwasi hata chembe, akaita kuelekea jikoni: "Mama Kudra! Njoo na wewe ufukuzwe!"

Hakutoka. Akamwita tena. Watu wakageuka. Akatoka, doti mpya ya Idi, hina mikononi, anatembea kama njia ina miiba. Akasema ana sufuria motoni. Mwenyekiti akasema ni dakika tu, mama. Akasema yeye mbwa hawezi hata kumtazama. Pasikali akasema ndicho tunachotaka kukiona.

Akafika hatua chache kutoka langoni, akasimama, akamtazama Karani kwa jicho ninalolijua, lile la kuniambia nisiseme kitu mbele ya wageni.

Karani akatikisa mkia. Mimi sikujua kama ule mkia unatikisika! Akalia kidogo, akapenya langoni, yeye ambaye hawaachi kondoo kwa lolote, akamwendea, akajitupa miguuni pake mgongo chini tumbo juu, anajinyonganyonga. Halafu akainuka akamlamba mkono. Wenye hina. Kidole kwa kidole, kama anayetafuta kitu alichozoea kukikuta hapo.

Na Mama hakuuondoa mkono.

Baba uso ulikuwa umemwanguka, kipande cha kanzu mkononi. Nikaanza kuelewa ukoko ulikuwa unakwenda wapi, nikataka kupiga kelele, Mwenyekiti akanishika bega. Mama akisema kweli, Mjomba Khatibu yuko pale, leso imeshuka kutoka puani, na Kasulu nzima itajua binti wa mwalimu wa chuo amekuwa akimlisha mbwa kwa mkono wake. Asiposema, sisi ni wezi, kesho tunafungasha.

Mwenyekiti akauliza kwa upole kabisa: "Bi Zuleha, huyu mbwa unamjua?"

Mama akamtazama kaka yake. Akamtazama Baba. Akamtazama Karani, akamgusa sikio lile lililochanika, kwa ncha ya kidole, kama unavyomgusa mtoto ukitaka kujua homa imeshuka. Halafu akaniita, sauti ya kawaida kabisa ya kila siku:

"Kudra, nenda kateke maji. Ndoo mbili."

Nikakimbia, nikihesabu: mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilipofika hapa pipani nikamsikia anawaambia: "Ndugu Mwenyekiti, watu wakae chini. Na wewe kaka, kaa."

Ndoo ya kwanza imejaa. Namsikia anazungumza, maneno siyapati, minyaa inayazuia. Bado sijasikia mtu akicheka.